Sanduku la Pamoja: Namna Yugoslavia Ilivunjika



Munakumbuka mukutano mukubwa uliopita. Neno moja tu lilitukamata zaidi ya masaa mawili. Mwenzetu mumoja alisimama akaomba sanduku letu ligawanywe mara tatu: waliorudi kutoka Tanzania wakuwe na lao, waliorudi kutoka Burundi wakuwe na lao, na wa Zambia vilevile. Alisema: «Siye wa Lugufu na Nyarugusu tuko wengi, tunatosha feza mingi, lakini wakati wa ugonjwa ni wengine ndio wanasaidiwa.» Palepale mama mumoja wa upande mwingine akamujibu: «Na ninyi ndio munashikaka kaye. Siye tutajua namna gani munaandikaka nini?» Makofi yalipigwa huku, yakapigwa na kule. Kamati ikaomba muda wa kufikiri mpaka mukutano unaokuja.

Wakati tunaungoja mukutano huo, tumeona vizuri kuwaandikia historia ya inchi moja iliyovunjika, ambayo ugomvi wake ulianza kwa maneno yanayofanana sana na hayo. Inchi hiyo ni Yugoslavia. Hatusemi kama sanduku letu liko sawa na inchi. Inchi iko na jeshi na mizinga. Sisi tuko na kufuli tatu na kaye moja. Lakini kila mutu aliyekimbia vita anajua kwamba vita haianzi siku risasi ya kwanza inasikika. Inaanza mbele, mahali watu wanaacha kuaminiana.

Nyumba moja, watu wengi

Yugoslavia ilikuwa kusini-mashariki mwa Ulaya, ng'ambo ya bahari ukitoka Italia. Jina lake maana yake ni inchi ya Waslavi wa kusini. Ilizaliwa kama ufalme tarehe 1 Desemba 1918, kisha Vita Kuu ya kwanza. Mwezi wa Aprili 1941 Ujerumani na wenzake waliivamia wakaikatakata. Ndani ya miaka 4 ya vita watu karibu milioni 1 walikufa, na wengi hawakuuawa na wageni. Waliuawa na watu wa inchi yao wenyewe: Wakroatia wa chama cha Ustasha waliua Waserbia, Wayahudi na Waroma, Waserbia wa kundi la Chetnik waliua Waislamu na Wakroatia. Hayo yote wazee waliyaona kwa macho, na watoto waliyasikia kando ya moto.

Aliyewakusanya tena ni Josip Broz Tito, mukomunisti, ambaye baba yake alikuwa Mukroatia na mama yake Muslovenia. Wapiganaji wake walichukua watu wa kila kabila. Mwezi wa Novemba 1943, katika muji mudogo wa Jajce huko Bosnia, walikata shauri kwamba inchi itakuwa shirikisho la watu walio sawa. Kisha vita ikawa hivyo: jamuhuri 6, ni kusema Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Masedonia, na ndani ya Serbia majimbo 2 yenye kujitawala, Vojvodina na Kosovo. Luga zilikuwa mbalimbali, maandishi yalikuwa ya namna mbili, na dini tatu kubwa ziliishi pamoja: Waortodoksi, Wakatoliki na Waislamu.

Serikali ilikuwa ya chama kimoja, na mutu aliyempinga Tito aliweza kujikuta gerezani. Hilo tusilifiche. Lakini haikuwa sawa na inchi zingine za Kikomunisti. Mwaka 1948 Tito aligombana na Stalin, akakataa kuamuriwa na Moscow. Viwanda viliwekwa, angalau kwa karatasi, mikononi mwa baraza za wafanyakazi. Watu waliweza kupata pasiporti na kwenda kutafuta kazi Ujerumani Magharibi, na mamia ya maelfu walikwenda.

Hata sisi Wakongomani tuko na kumbukumbu na inchi ile. Mwezi wa Februari 1961, habari ya kuuawa kwa Patrice Lumumba ilipofika, watu wa Belgrade walijaa barabarani kwa hasira wakavamia ubalozi wa Ubelgiji. Mwezi wa Septemba mwaka uleule, mukutano wa kwanza wa inchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika Belgrade, na Kongo ilikuwa kati ya inchi 25 zilizokaa pale. Katika muji huo kuna nyumba ya wanafunzi yenye jina la Lumumba.

Sanduku lenyewe

Sasa tuje kwa feza, kwa sababu ni hapo tunataka kufika.

Jamuhuri hizi hazikuwa na mali sawasawa. Slovenia, iliyo karibu na Austria na Italia, ilikuwa na viwanda vingi. Kosovo ilikuwa na watoto wengi, mashamba madogo na kazi kidogo. Mwisho wa miaka ya 1980, mapato ya mutu mumoja wa Slovenia yalikuwa kama mara 7 ya yale ya mutu wa Kosovo.

Kwa hiyo mwaka 1965 waliunda sanduku la pamoja la kusaidia sehemu zilizobaki nyuma: Bosnia na Herzegovina, Masedonia, Montenegro na Kosovo. Kila jamuhuri ilitosha karibu asilimia 2 ya mali iliyotokezwa kila mwaka. Wazo lilikuwa zuri, na sisi tulio katika kazi ya kusaidiana hatuwezi kulicheka. Mwenye nacho anatosha kidogo, asiyekuwa nacho anainuka, na kesho wote wanakuwa na nguvu.

Lakini malalamiko yalianza pande zote mbili. Slovenia na Kroatia walisema: tunatosha kila mwaka, lakini hatuoni feza inatumika namna gani, inajenga viwanda vikubwa vya kuonyesha tu, visivyolipa. Kosovo na wengine walisema: ninyi munanunua kwetu makaa ya mawe, madini na umeme kwa bei ya chini, kisha munatuuzia vyombo vyenu kwa bei ya juu, munachorudisha ni kidogo kuliko munachokamata. Waserbia nao walisema kwamba wao ndio wanabeba wengine na hawapewi heshima yao.

Tuangalie vizuri hapo. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Hakuna aliyekuwa anadanganya kabisa. Kilichokosekana ni kaye moja ambayo wote wangeifungua na kukubali kwamba hesabu yake ni hesabu. Kila jamuhuri ilikuwa na hesabu yake, na kila hesabu ilionyesha kwamba yule mwenye kuiandika ndiye anayeibiwa.

Muzee anakufa, deni linabaki

Tito alikufa tarehe 4 Mei 1980, katika muji wa Ljubljana. Kwa kuogopa kwamba mutu mumoja asichukue kiti chake, katiba ya 1974 ilikuwa imepanga uongozi wa pamoja: watu 8, mumoja wa kila jamuhuri na mumoja wa kila jimbo, na uenyekiti unazunguka kila mwaka. Kwa maneno yetu, tuseme kufuli zilikuwa 8, na kila mutu ana funguo yake.

Muzee aliacha kitu kingine pia: deni la inje la karibu dola miliari 20. Wakati wa miaka ya 1970 maisha yalikuwa yamependeza kwa feza ya kukopa. Sasa wenye kukopesha walitaka zao. Petroli ikaanza kugawanywa kwa tiketi, kahawa na sabuni ya unga vikapotea madukani. Mwaka 1987 kampuni moja kubwa ya vyakula ya Bosnia ilikutwa ikitoa karatasi za deni zisizokuwa na feza nyuma yake, na benki nyingi zilikuwa zimezipokea. Mwaka 1989 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 1000. Wazee wetu wanaokumbuka noti ya zaïre milioni 5, hawahitaji tuwaeleze maana ya jambo hilo. Mushahara unaoupokea asubuhi, mangaribi hauwezi kununua hata mukate.

Mutu mwenye njaa anatafuta aliyemunyanganya. Na wanasiasa walikuwa tayari kumuonyesha kwa kidole: ni jirani yako.

Mwezi wa Aprili 1987, mukubwa mumoja wa chama huko Serbia, Slobodan Milošević, alitumwa Kosovo kutuliza Waserbia waliolalamika kwamba wanasumbuliwa na Waalbania, ambao ndio walikuwa wengi pale. Hakuwatuliza. Aliwaahidi kwamba hakuna mutu atakayewapiga tena, na jina lake likawa kubwa usiku mumoja. Alielewa kwamba kilio cha kabila kinaleta watu wengi barabarani kuliko maneno yote ya Kikomunisti. Ndani ya miaka 2 aliweka watu wake Vojvodina na Montenegro, na mwezi wa Machi 1989 Kosovo ikanyanganywa kujitawala kwake.

Hesabuni basi. Serbia, Vojvodina, Kosovo, Montenegro: sauti 4 kati ya 8. Mutu mumoja alikuwa ameshika nusu ya funguo. Kufuli zote bado zilikuwepo, zilining'inia pale pale, lakini hazikulinda kitu tena.

Kila mutu akamate yake

Kisha hapo mambo yalikwenda mbio. Mwisho wa 1989 Waslovenia walikataza mukutano wa wafuasi wa Milošević kufanyika Ljubljana. Serbia ikajibu kwa kuwaambia watu wake wasinunue tena vitu vya Slovenia. Hebu muwaze: ndani ya inchi moja, upande mumoja unafungia mwingine soko! Slovenia nayo ikaanza kufunga mukono wake kwa sanduku la pamoja.

Mwezi wa Januari 1990 chama cha Wakomunisti kilifanya mukutano wake wa 14. Waslovenia walileta mapendekezo yao. Kila pendekezo lilipigiwa kura likaanguka, na upande wa Serbia ulipiga makofi. Waslovenia wakasimama wakatoka. Wakroatia wakawafuata. Chama kilichokuwa kimefunga inchi nzima kwa kamba moja kwa miaka 45 kilikufa ndani ya ukumbi, bila risasi.

Mwaka uleule kulikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, lakini kila jamuhuri ilichagua peke yake. Hapakuwa na uchaguzi wa inchi nzima. Hili ni kosa ambalo wengi hawalisemi sana. Waziri mukuu wa shirikisho, Ante Marković, alikuwa amesimamisha kupanda kwa bei mwanzoni mwa 1990 kwa dinari mupya, na watu wengi walimupenda. Lakini hawakupata siku ya kumuchagua wote pamoja. Kila mahali walichaguliwa wale waliosema: sisi kwanza. Huko Bosnia vyama vitatu vya makabila matatu vilishinda na kugawana viti, sawa vile hesabu ya watu ya kila kabila ilivyokuwa.

Na mwisho wa Desemba 1990, bunge la Serbia lilifanya jambo ambalo mutunza feza yeyote atalielewa. Kwa siri lilijipa kutoka benki kuu ya wote zaidi ya dinari miliari 18, ni kusema milioni elfu 18, kwa kulipa mishahara na pensheni za kwake. Januari 1991 siri ilitoka inje. Kazi ya Marković ikaanguka. Mutu aliyekuwa bado anasita huko Ljubljana ao Zagreb hakuwa na sababu ya kusita tena. Mwenzako akifungua sanduku usiku, wewe asubuhi utaliacha chako ndani?

Waslovenia walikuwa wamekwisha kupiga kura ya kutoka tarehe 23 Desemba 1990, na zaidi ya asilimia 88 ya wote wenye haki ya kupiga kura walisema ndiyo. Tarehe 25 Juni 1991, Slovenia na Kroatia zilitangaza uhuru siku moja.

Mulango usiokuwa na funguo

Hapa tunafika mahali ambapo sisi wa kamati tulisimama tukafikiri sana. Katiba ya 1974 ilisema, katika maneno yake ya mwanzo, kwamba watu wa Yugoslavia wako na haki ya kujiamulia mpaka hata kutengana. Lakini haikuandika popote namna ya kutengana: nani anaomba, nani anakubali, mali inagawanywa namna gani, deni analipa nani, na watu walio ndani ya jamuhuri isiyo ya kabila lao watalindwa namna gani. Mulango ulichorwa ukutani, lakini haukuwa na funguo. Aliyetaka kutoka ilimubidi kuvunja ukuta.

Slovenia ilivunja kwa siku 10 za mapigano, kwa sababu karibu wote pale walikuwa Waslovenia. Kroatia ilikuwa na Waserbia karibu asilimia 12, na huko vita ilikuwa kali. Muji wa Vukovar ulizungukwa na kupigwa mizinga siku 87 mpaka ukaanguka, Novemba 1991. Masedonia ilitoka bila vita.

Bosnia ndiyo iliumia kuliko wote. Kwa hesabu ya watu ya 1991, Waislamu walikuwa karibu asilimia 44, Waserbia 31, Wakroatia 17, na wengine bado walijiandika tu Wayugoslavia. Waliishi mulango kwa mulango, walioana. Ulipopigwa kura ya uhuru mwisho wa Februari 1992, Waserbia wengi walikataa kushiriki. Aprili ikaleta vita. Sarajevo, muji uliokaribisha michezo ya Olimpiki ya baridi mwaka 1984, ulizungukwa kwa zaidi ya siku 1400, na watu zaidi ya 11,000 walikufa humo. Kwenye milima ambapo wachezaji walishindana, sasa waliweka mizinga. Mwezi wa Julai 1995, huko Srebrenica, mahali ambapo Umoja wa Mataifa ulisema ni pa usalama, jeshi la Waserbia wa Bosnia liliua wanaume na vijana Waislamu zaidi ya 8000. Mahakama ya kimataifa ilihukumu kwamba ni mauaji ya kimbari. Kwa vita yote ya Bosnia, waliokufa ni kama 100,000, na zaidi ya milioni 2, nusu ya inchi, walitoka nyumbani mwao.

Tunajua maneno hayo ni makavu kwa karatasi. Ninyi wenyewe mujaze. Yule aliyevuka ziwa usiku na mutoto mugongoni hahitaji kuambiwa mukimbizi ni nani.

Kaye na majina

Kuna mambo mawili mengine tunataka wafazili na wamemba wote wayashike, kwa sababu yanagusa karatasi.

La kwanza ni Slovenia, ile iliyotoka upesi na vizuri. Tarehe 26 Februari 1992 serikali yake ilifuta majina 25,671 katika kitabu cha wakaaji. Walikuwa watu waliotoka jamuhuri zingine, walioishi pale miaka mingi, lakini hawakuomba uraia mupya kwa wakati ao waliombwa wakakataliwa. Hawakuuawa. Hawakufukuzwa kwa bunduki. Walikwenda tu kwa byuro na kitambulisho, mufanyakazi akakitoboa, wakarudi bila kazi halali, bila matibabu, bila pensheni. Mwaka 2012 mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu ilisema walikosewa. Kati ya sisi, ni wangapi tumefika kwa byuro tukaambiwa jina letu haliko?

La pili ni akiba. Wale waliofanya kazi Ujerumani walikuwa wameweka feza za kigeni katika benki za Yugoslavia. Wakati inchi inavunjika, benki zilifunga akiba hizo. Na kisha hapo kila jamuhuri mupya ikasema: deni hili si langu, muulize yule. Mwaka 2014, zaidi ya miaka 20 baadaye, ndipo mahakama hiyo ya Ulaya iliamuru Slovenia na Serbia zitafute namna ya kuwalipa wenye akiba. Wengi walikuwa wamekufa. Hii ndiyo maana ya kugawanya sanduku bila kuandika mbele nani atalipa nini.

Kurudi nyumbani

Vita ya Bosnia ilisimama kwa mapatano ya Dayton, Novemba 1995. Sehemu yake ya 7 ilisema jambo ambalo sisi tungependa kulisoma mara nyingi: kila mukimbizi na kila aliyehamishwa na vita iko na haki ya kurudi kwa nyumba yake mwenyewe na kurudishiwa mali yake.

Miaka ya kwanza maneno hayo yalibaki kwa karatasi. Mutu alifika, akakuta mukimbizi mwingine amelala katika kitanda chake, na wakubwa wa pale walimuambia arudi kesho. Ni sawa vile wengi wetu tulikuta watu ndani ya parseli zetu. Kilichobadilisha mambo ni sheria za 1998 na 1999, na usimamizi mukali. Kila ombi la nyumba liliandikwa na namba, yakashugulikiwa kwa mufuatano wa namba, na swali lilikuwa moja tu: mbele ya vita, nani aliishi hapa? Hawakuuliza: wewe ni kabila gani? Maombi yalipita 200,000, na mpaka 2005 zaidi ya asilimia 90 yalikuwa yamekwisha. Mwezi wa Septemba 2004 iliandikwa kwamba watu milioni 1 wamerudi.

Tuseme na upande mwingine. Wengi walirudishiwa nyumba wakaiuza, wakabaki kule ambako watu wa kabila lao ni wengi, kwa sababu nyumba bila kazi na bila jirani wa kusalimiana naye ni matofali tu. Katika sehemu fulani za Bosnia, watoto wanasomea jengo moja lakini kwa milango miwili, Wakroatia huku na Waislamu kule, kila upande na kitabu chake cha historia. Sheria inaweza kurudisha parseli. Ujirani haurudishwi na muhuri.

Sisi sasa

Wamemba wapenzi, kuna mfano mumoja wa mwisho, na huu unatupa moyo. Serbia na Montenegro zilibaki pamoja kisha wengine kutoka. Mwaka 2003 waliandika mapatano mapya, na mara hii waliandika pia mulango: kisha miaka 3, anayetaka anaweza kuuliza watu wake. Walikubaliana mbele kwamba asilimia 55 ndiyo itakata shauri. Tarehe 21 Mei 2006 Montenegro ilipiga kura, na ndiyo ikapata asilimia 55 na nusu. Ilipita kidogo sana, watu walihuzunika upande mumoja, lakini hakuna aliyekufa. Watu ni walewale, milima ni ileile. Tofauti ni kwamba kanuni iliandikwa mbele ya ugomvi, wakati watu bado wanakaa meza moja.

Kwa hiyo kamati haitawaambia kwamba yule mwenzetu aliyeomba kugawanya ni mubaya. Alisema neno ambalo wengine wanalisema nyuma ya nyumba. Na yule mama aliyeuliza habari ya kaye aliuliza swali la haki, nasi tunakubali kosa letu: tangu miezi mingi kaye haijasomwa mbele ya wote.

Katika mukutano unaokuja tutaleta mapendekezo matatu. La kwanza: kaye ya feza isomwe kwa sauti kila mwezi, ndani ya mukutano, na nakala yake itumwe kwa wafazili bila kungoja waiombe. La pili: funguo tatu za sanduku zisikae kamwe kwa watu wawili waliotoka upande mumoja, mumoja wa Tanzania, mumoja wa Burundi, mumoja wa Zambia, na zizunguke. La tatu, ambalo litawashangaza wengine: tuandike katika sheria zetu namna ya kutoka. Mutu ao kundi likitaka kutoka, lijue linaomba kwa nani, linangoja muda gani, linakamata nini na linaacha deni gani. Wengine watasema tukiandika mulango, watu watatoka. Sisi tunaona tofauti. Mutu anayejua kwamba hajafungiwa ndani anakaa kwa roho nyepesi.

Tena katika daftari la wamemba tutaandika jina, kartie na tarehe ya kuingia. Kabila hatutaandika. Kambi aliyotoka mutu hatutaandika. Wafazili watakaotuomba orodha ya namna hiyo, tutawajibu kwa heshima kwamba hatuko nayo.

Leteni mawazo yenu, na anayekataa aje aseme palepale mbele ya wote. Siku ya mukutano sanduku litakuwa juu ya meza, limefunguliwa, na kaye kando yake. Mufike mapema.